Kura 20 dhidi ya 14: walibertari wa New Hampshire na shule ya Croydon

Ulibertari unasimama juu ya dai moja: mtu ni mmiliki wa nafsi yake na wa mali aliyoipata kwa halali, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha kwa nguvu, serikali ikiwemo. Kodi ndogo, soko huria na uhuru wa maisha binafsi vyote huchipuka hapo. Usiuchanganye na uliberali wa Marekani wa leo, ambao hutaka serikali itoe huduma zaidi.

Kama chama, walibertari hawajafika mbali. Chama chao kilianzishwa Colorado mwaka 1971, na mwaka 2016 mgombea wao Gary Johnson alipata kura karibu milioni 4.5, asilimia 3.3 hivi. Hakupata mjumbe hata mmoja wa kumchagua rais, kwa sababu karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote. Kura zilizotawanyika nchi nzima hazina thamani katika mfumo huo.

Ndiyo maana Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, alipendekeza mwaka 2001 kwamba walibertari wahamie jimbo moja dogo. Mpango huo uliitwa Free State Project. Mtu alitia saini ahadi ya kuhama ndani ya miaka 5 baada ya saini kufika 20,000. Mwaka 2003 waliokwisha kusaini walipigia kura majimbo 10, New Hampshire ikaishinda Wyoming. Saini zilitimia Februari 2016, ingawa waliohama kweli ni sehemu tu ya waliosaini.

Kuichagua New Hampshire kulikuwa kwa hesabu nzuri. Jimbo halitozi kodi ya mishahara wala kodi ya mauzo ya jumla. La muhimu zaidi, baraza lake la wawakilishi lina viti 400 kwa watu milioni 1.4, yaani mbunge mmoja kwa watu 3,500 hivi. California, yenye watu zaidi ya milioni 39, ina viti 80. Mbunge wa New Hampshire hulipwa dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka 2, na kampeni yake inawezekana kwa miguu, mlango kwa mlango. Wahamiaji wengi hugombea kwa tiketi ya chama cha Republican, kwa kuwa kura za mchujo huwa na watu wachache. Jason Osborne, aliyehamia kutoka Ohio, alifika hadi kuwa kiongozi wa wabunge walio wengi. Hata hivyo, pendekezo la jimbo kujitenga na Marekani lilianguka mwaka 2022 kwa kura 323 dhidi ya 13.

Lakini idadi ndogo ya wapiga kura ina hatari yake, na Croydon iliionyesha waziwazi. Mji huo wa New Hampshire, wenye watu 800 hivi, una shule ya madarasa ya chini tu. Wanafunzi wakubwa husoma miji jirani na mji huwalipia ada. Machi 2022, katika mkutano wa mwaka wa wapiga kura wa mji, mlibertari mmoja aliyehamia kwa Free State Project alipendekeza bajeti ya shule ishushwe kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Kiasi kilichobaki, takriban dola 10,000 kwa mtoto, hakikutosha ada ya sekondari jirani.

Wazazi wakazunguka nyumba kwa nyumba. Sheria ilitaka angalau nusu ya wapiga kura walioandikishwa wahudhurie ndipo uamuzi ubadilishwe, yaani watu 283. Mei wakaja 379, na bajeti ya awali ikarudi kwa kura 377 dhidi ya 2.

Mtetezi wa kupunguza atasema kodi ni shuruti, kwa hiyo kuipunguza si kumdhulumu mtu. Naliona jibu hilo ni pungufu. Falsafa inayotukuza ridhaa haiwezi kuvunja mipango ya kaya zote kwa mikono 20 iliyoinuliwa, bila notisi wala shule mbadala iliyokwisha kuwa tayari.

Njia iliyodumu ni ile ya bungeni: akaunti za elimu za mwaka 2021, ambapo fedha za umma humfuata mtoto hadi shule binafsi au masomo ya nyumbani. Mwaka 2025 kikomo cha kipato cha mzazi kiliondolewa. Walibertari wenye msimamo mkali bado wanazipinga, kwa sababu fedha hizo zinatokana na kodi ileile.