PrEP na PEP: Maswali Kuhusu Dawa za Kuzuia Maambukizi ya VVU

Je, PrEP na PEP ni dawa moja?

Zote mbili hutokana na jamii ya ARV, yaani dawa za kupambana na VVU, na kinachozitofautisha ni wakati wa kuzitumia. PrEP humezwa na mtu asiye na VVU kabla ya kukutana na hatari, naye huendelea kuimeza kila siku maadamu hatari hiyo ipo. PEP ni ya dharura, baada ya tukio.

Kondomu ilipasuka juzi usiku. Je, nimechelewa?

Bado, lakini ondoka sasa. PEP huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake, kwa kuwa virusi vikishaweka makao ndani ya seli za mwili, dawa haiwezi tena kuving'oa. Usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu. Nenda idara ya dharura ya hospitali, upimwe, uanze dozi ya kwanza papo hapo, kisha umalize siku zote 28 hata kama kichefuchefu kitakusumbua. Kwa aliyebakwa nasisitiza zaidi: matibabu hayasubiri polisi wala fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Mambo hayo yatafuata, ilhali saa 72 hazirudi. Hapo hapo aulizie pia dawa ya kuzuia mimba na ya magonjwa mengine ya zinaa.

Nani anafaa kutumia PrEP, na huanzaje?

Ni yeyote aliye katika hatari ya kuambukizwa: mwenye mwenzi aliye na VVU ambaye virusi vyake bado havijafubazwa na dawa, asiyejua hali ya mwenzi wake, anayeugua magonjwa ya zinaa mara kwa mara. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda kwa wenzi ambao mmoja wao ana VVU ulionyesha kwamba kidonge chenye tenofovir na emtricitabine kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na waliokimeza bila kuruka walikingwa zaidi. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa mwaka 2017, na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vingi vya umma.

Kipimo cha VVU hutangulia, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa akitumia PrEP pekee, virusi vyake vinaweza kuwa sugu. Hurudiwa baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu. Mwanamke huhitaji kumeza dawa siku 7 mfululizo ndipo akingike, na mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuitumia. Kaswende, kisonono na mimba hazizuiwi na PrEP, hivyo kondomu bado inahitajika.

Naogopa kuonekana na kopo la vidonge. Nifanyeje?

Hofu hiyo ina msingi, maana kopo hufanana na la ARV za matibabu, na wanawake wengi wameacha dawa kwa sababu ya maneno ya nyumbani. Mweleze mhudumu waziwazi. Ipo PrEP ya sindano: ya cabotegravir, ya kila miezi miwili, na ya lenacapavir, ya kila miezi sita. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 waliopewa lenacapavir. Sindano hizi hazijafika kila kituo, kwa hiyo uliza kituo cha karibu kinachozitoa.

Naweza kuacha PrEP?

Ndiyo, hatari ikiisha. Mwanamke aendelee kumeza vidonge kwa siku 7 baada ya tendo la mwisho. Mwenye homa ya ini aina ya B asiache bila kumwona daktari, kwani ugonjwa huo unaweza kuamka kwa ukali dawa inaposimama ghafla.