Msafara wa meli za askari na mwendo wa makuruti wa hiari: maana yake

Msafara wa meli za askari ni kundi la meli zilizobeba wanajeshi, farasi na zana, zinazokwenda kwa mpangilio mmoja, kasi moja na amri moja, zikisindikizwa na manowari. Mwendo wa makuruti ni kundi la wanaume waliojitolea kwenda vitani, wanaotoka mji wa bara kwa miguu hadi kambi ya jeshi huku wakiokota wenzao njiani. Mambo haya mawili yalikutana Australia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi ambalo nchi ile ilipeleka nje lilikuwa la wa hiari tupu, na askari wake walilazimika kuvuka bahari nzima kabla ya kumwona adui.

Ukivitazama juu juu utaona kitu kimoja: watu wanaosafiri pamoja. Kumbe vinafanya kazi kwa njia zinazopingana kabisa. Mwendo wa makuruti usipoonekana haujafanya lolote. Msafara wa meli ukionekana umeshaanza kushindwa.

Mwendo wa makuruti

Mfano unaojulikana kuliko yote ulianzia Gilgandra, mji mdogo wa New South Wales, tarehe 10 Oktoba 1915. Waliouandaa ni ndugu wawili: William Hitchen, fundi bomba na nahodha wa klabu ya kulenga shabaha ya pale mjini, na Richard, muuza nyama. Julai ya mwaka huo ilikuwa imevunja rekodi, zaidi ya watu 36,000 wakijiandikisha kwa mwezi mmoja nchi nzima. Baada ya hapo idadi ilianza kushuka, huku orodha za waliokufa na kujeruhiwa Gallipoli, Uturuki, zikijaza magazeti. Vijana wa bara walikuwa mbali na ofisi za uandikishaji, na kijana asiyeshurutishwa na mtu huweza kuahirisha mpaka vita viishe. Hitchen akaona kwamba, badala ya kumngoja kijana afike ofisini, ofisi imfuate shambani.

Waliotoka Gilgandra hawakufika 40. Waliingia Sydney tarehe 12 Novemba wakiwa 263, baada ya kutembea maili 320, yaani kilomita 515 hivi. Ukigawanya kwa siku 33 unapata kilomita 15 na kitu kwa siku, mwendo ambao mtu mzima mwenye viatu vizuri hashindwi nao. Na haukuwa wa polepole kwa bahati tu. Kundi lililolala katika miji mingi zaidi lilipata jioni nyingi zaidi za kuomba watu.

Kazi yenyewe ilifanyika hizo jioni. Habari hutangulia, mji unaofuata unaunda kamati, wazee na bendi wanatoka kulipokea kundi nje ya mji. Wanalishwa na kupewa pa kulala. Usiku unaitishwa mkutano wa hadhara, hotuba zinatolewa, kisha unapigwa ule mwito wa "Coo-ee!", ukelele wa porini ambao Wazungu waliuchukua kwa wenyeji wa asili wa eneo la Sydney, unaosikika mbali sana. Maana yake ni "njoo hapa". Anayeitika anasogea mbele, machoni pa mama yake, mwajiri wake na msichana anayemtaka. Asubuhi anaondoka na kundi. Hapo ndipo penye nguvu ya mbinu hii, na ndipo panapotia shaka neno "hiari". Hakuna aliyeshikwa mkono, lakini mji mzima ulikuwa ukitazama nani kabaki ameketi.

Watu wa Gilgandra wakaitwa Coo-ees, na miezi iliyofuata miji mingine ikaiga: Waratahs kutoka Nowra, Kangaroos kutoka Wagga Wagga, Dungarees kutoka Warwick kule Queensland, na wengine. Kwa jumla Waaustralia waliiita miendo ya mpira wa theluji, kwa kuwa ule hunenepa kadiri unavyobingirika. Kwetu tungesema mto unaopokea vijito.

Nini kilikwama? Kwanza ni vipimo. Mwaka 1914 jeshi lilitaka mtu wa miaka 19 hadi 38, urefu usiopungua futi 5 na inchi 6, na kifua cha inchi 34. Katikati ya 1915 vipimo vilishushwa hadi futi 5 na inchi 2, na umri ukapanuliwa hadi miaka 45. Hata hivyo, aliyeshangiliwa katika mji wake angeweza kurudishwa na daktari kwa meno, macho au mshipa. Pili ni uongo wa umri, wa juu na wa chini. Hitchen mwenyewe alikuwa amepita miaka 50 akaandikisha umri mdogo. Alifia Uingereza mwaka 1916 kabla ya kuufikia mstari wa mbele.

Tatu, na hili wapenzi wa hadithi hii hulikwepa, ni hesabu. Batalioni moja ya wakati ule ilihitaji watu kama 1,000. Coo-ees 263, baada ya mwezi mzima wa kutembea, ni robo ya batalioni. Faida yao kubwa ilikuwa katika magazeti na mioyo ya watu. Pengo la askari lilibaki palepale, na serikali ikawauliza wananchi mara mbili, Oktoba 1916 na Desemba 1917, kama waridhie kulazimisha watu kwenda kupigana ng'ambo. Mara zote mbili walikataa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mizani yake ya kupimia hiari hiyo. Kuruti wa Australia alilipwa shilingi 6 kwa siku, moja ikiwekwa hadi aachiwe jeshini, na aliweza kukataa. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo cha Waingereza, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, wengi wao walikusanywa kwa amri kupitia machifu, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwao hapakuwa na bendi wala mkutano wa jioni.

Msafara wa meli

Msafara mkuu wa kwanza wa Australia na New Zealand uling'oa nanga Albany, pembe ya kusini-magharibi ya Australia, tarehe 1 Novemba 1914. Meli 26 za Australia na 10 za New Zealand zilitoka siku hiyo, mbili zaidi zikaungana nazo kutoka Fremantle tarehe 3, zikawa 38. Zilibeba karibu watu 30,000 na farasi zaidi ya 7,000. Walinzi walikuwa manowari nne: Minotaur ya Uingereza, Sydney na Melbourne za Australia, na Ibuki ya Japani, iliyokuwa upande wa Waingereza katika vita vile.

Meli za Australia zilipangwa safu tatu zilizokwenda sambamba, na za New Zealand safu mbili nyuma yake. Mpangilio wa safu kadhaa fupi unashinda mstari mmoja mrefu kwa mambo mawili. Mstari mmoja wa meli 38 ungefika maili nyingi, na ishara ya bendera au taa kutoka mbele isingeonekana nyuma. La pili ni la walinzi. Mkulima analijua: ukiongeza eneo la shamba mara nne, uzio unaongezeka mara mbili tu. Idadi ya meli hufuata eneo, idadi ya walinzi hufuata uzio. Ndiyo maana msafara mkubwa huhitaji walinzi wachache kwa kila meli kuliko msafara mdogo.

Kuna faida nyingine ambayo huwashangaza watu. Meli 38 zikitawanyika, adui ana nafasi 38 za kukutana na mojawapo. Zikikusanyika ana nafasi moja, na bahari yote iliyobaki inakuwa tupu. Kundi zima halionekani kutoka mbali sana kuliko meli moja peke yake. Kinga ya kwanza ya msafara basi ni kutopatikana na adui. Mizinga ya manowari inakuja baadaye.

Ndani ya meli, kinga hiyo inategemea mambo madogo yanayochosha. Kila afisa wa zamu anatakiwa kushika umbali wake na meli ya mbele. Anapima kwa chombo pembe kati ya maji na ncha ya mlingoti wa ile ya mbele. Pembe ikikua anasogea mno, ikipungua anaachwa. Kisha anaagiza chini kwenye injini waongeze au wapunguze mizunguko miwili mitatu ya rafadha kwa dakika. Usiku taa zote zinafunikwa, sigara inakatazwa sitahani, na kunabaki taa hafifu ya tezi, yaani nyuma ya meli. Ukungu ukishuka, kila meli huburuta nyuma yake boya linalorusha maji juu, ili anayefuata alione povu hilo kabla ya kuligonga tezi. Takataka hazitupwi mchana, maana mfululizo wa makasha na maganda yanayoelea ni njia iliyochorwa kumwelekeza adui. Moshi mweusi nao ni kosa kubwa, kwa kuwa huonekana mbali kabla ya milingoti.

Kasi ni ya meli iliyo ya polepole kuliko zote. Ukiwa na meli 37 zinazoweza noti 13 (maili za bahari kwa saa) na moja ya noti 10, msafara mzima ni wa noti 10. Kila siku inayoongezeka ni maji, makaa na majani ya farasi yanayoliwa bure. Farasi walisimama njia nzima katika vibanda vyembamba, wakitembezwa juu ya mikeka palipokuwa na nafasi, na hewa ya chini ndiyo iliyowaua zaidi kuliko mawimbi.

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba msafara ulikuwa ukipita maili 50 na ushei kutoka visiwa vya Cocos, wakati kituo cha simu cha huko kilipotangaza hewani kwamba kuna meli ngeni mlangoni. Ilikuwa manowari Emden ya Wajerumani, iliyokuja kukata nyaya za simu. Minotaur ilikuwa imeondolewa siku iliyotangulia, na nahodha wa Melbourne ndiye aliyebaki na dhamana. Kila manowari ilitaka kwenda. Yeye aliituma Sydney peke yake, akaibakisha Ibuki, yenye mizinga mikubwa kuliko zote, upande wa hatari, naye akabaki. Mlinzi anayekimbilia vita na kuacha mzigo wazi ameacha kazi yake. Sydney ilimaliza kazi, Emden ikaishia miambani.

Baada ya hapo bahari ya Hindi ililegea. Msafara wa pili, mwishoni mwa Desemba 1914, ulisindikizwa na nyambizi AE2 tu, nayo ikiburutwa kwa kamba sehemu kubwa ya njia. Coo-ees waliopanda meli mwaka 1916 hawakukuta tena safu zile za Albany.

Wiki ileile ya Albany, msafara mwingine, wa Waingereza, ulifika pwani yetu. Meli 14 zenye watu kama 8,000 zilitoka Bombay tarehe 16 Oktoba zikafika Tanga tarehe 2 Novemba. Huo unaonyesha namna msafara unavyofika salama na bado ukashindwa. Askari walikuwa wamebanana melini zaidi ya wiki mbili, wengi wagonjwa wa bahari. Habari za safari hazikuwa siri, na manowari Fox ilitangulia kuingia bandarini kutoa taarifa kwamba mapatano ya kutoshambulia yamekwisha. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akapata muda wa kushusha askari wake kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Tarehe 5 waliosalia walikuwa wakirudi melini.

Kanuni ngumu kuliko zote

Katika Vita Kuu ya Pili msafara ulioitwa KR 8 ulitoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za abiria. Katika moja yao, Khedive Ismail, walipanda watu 1,511, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga torpido mbili, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Ilizama kwa dakika chache mno, hata mashua za kuokolea hazikuteremshwa. Aliyekuwa sitaha za chini hakuwa na ngazi ya kumfaa kwa muda ule.

Nyambizi ikajificha chini ya manusura. Manowari Petard na Paladin zilikuwa na njia mbili: kuokota watu na kuiacha I-27 ipige meli nyingine zilizojaa askari, au kutupa mabomu ya chini ya maji mahali ambapo watu walikuwa wakielea. Zilitupa mabomu. Nyambizi ilipoibuka, Petard ilirusha torpido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake 6. Meli nne zilizobaki zilikuwa zimekwishatawanyika kwa kasi yote bila kugeuka, kama amri ya msafara inavyotaka.