Kwa nini Laravel hukupa mlango wa kuingilia uliokwisha kujengwa?

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anataka tovuti ya kuandikia magunia yanayotoka na madeni ya wateja. Kijana anayemtengenezea anaanza na ukurasa wa kuingia: barua pepe, nywila, kitufe. Anaiona kazi ya nusu saa. Mbona basi Laravel, kiunzi (yaani msingi wa kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya PHP) alichokianzisha Taylor Otwell mwaka 2011, huuleta ukurasa huo tayari?

Kwa sababu kinachoonekana ndicho kidogo. Chukua nywila "dagaa2024". Haihifadhiwi ilivyo. Kwanza huchanganywa na chumvi, yaani alama za kubahatisha, kisha husagwa kwa bcrypt, kanuni ya kuficha nywila. Kwenye hifadhidata zinabaki alama 60 zinazoanza na $2y$12$. Hiyo 12 ni uzito wa kusaga: mbili kwa kipeo cha 12, mizunguko 4,096, ili anayeiba orodha na kujaribu nywila moja baada ya nyingine achoke. Kwa sababu ya chumvi, wauzaji wawili wenye nywila ileile huhifadhiwa kwa alama tofauti kabisa. Unga haurudi kuwa mahindi. Ukiingia kesho, ulichoandika husagwa upya, kisha hulinganishwa. Tovuti ikikutumia nywila yako ya zamani kwa barua pepe, usiiamini: imeihifadhi kwa namna inayoweza kusomeka tena.

Bado kuna kumzuia kwa muda anayekosea mara tano ndani ya dakika moja, kubadili namba ya kikao (ile seva inayomtambulia mtu) akishaingia, na kiungo cha kuweka nywila mpya. Haya ndiyo husahaulika saa nane za usiku.

Sura ya mbele ni suala jingine. Tangu toleo la 12, mwaka 2025, unaweza kuanza kwa kuchagua zana ya kuchorea kurasa, kama React, Vue au Livewire. Nywila husagwa vilevile kokote. Ukichagua React, simu hupakua kwanza msimbo wa JavaScript, ndipo ukurasa uchoreke. Livewire hutuma ukurasa uliokwisha kuchorwa kwenye seva, ila takriban kila kitendo hurudi seva kuuliza, na mtandao ukikatika kitufe hakijibu.

Kwa fomu tatu za magunia, kwenye simu ya bei nafuu yenye bando la siku, ningechagua Livewire bila kusita. Angetaka ramani ya mitumbwi inayosogea kati ya Mwanza na Ukerewe, hapo ningehamia React.