Mteremko wa mamlaka: rubani msaidizi anapoona kosa la kapteni wake

Mteremko wa mamlaka ni tofauti ya uzito wa kauli kati ya watu wanaofanya kazi moja. Kwenye ndege ya abiria, kapteni hukaa kiti cha kushoto na rubani msaidizi kiti cha kulia. Mteremko ukiwa mkali, neno la kushoto huteremka lenyewe na la kulia halipandi. Ukiwa tambarare kabisa ni tatizo pia, maana haijulikani nani ana kauli ya mwisho. Kinachotakiwa ni kapteni anayeamua na msaidizi anayesikika.

Kapteni mzembe huwa hatari zaidi penye mteremko mkali. Uzembe wenyewe mara nyingi hautishi kuutazama: anaipitia orodha ya ukaguzi kwa kichwa, anajibu "tayari" kabla jicho halijafika kwenye swichi, anaruka maelezo ya kabla ya kutua kwa kuwa uwanja anaujua. Msaidizi naye, kwa adabu, anaanza kumsitiri. Anaseti mwinuko uliosahauliwa, anawasha taa, ananyamaza. Huo ndio msaada mbaya kuliko yote. Kapteni hajui kwamba amekosea, na siku akipangiwa msaidizi mwingine pengo linabaki wazi.

Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida iliruka Washington kwenye theluji huku mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini ukiwa umezimwa. Kwa sababu ya barafu, kipimo cha nguvu za injini kilionyesha 2.04 wakati nguvu halisi ilikuwa karibu 1.70. Msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alisema haiko sawa. Kapteni akasema iko sawa. Msaidizi akarudia kwamba hadhani iko sawa, kisha baada ya sekunde chache akajirudi: labda iko sawa. Neno "simamisha" halikutamkwa na yeyote. Ndege iligonga daraja la mto Potomac na watu 78 wakafa, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani.

Karibu na kwetu kuna ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kameruni, usiku wa 5 Mei 2007, ikaua wote 114. Otopailoti, mfumo wa ndege kujiendesha, haikuwa imeshika, ndege ikalalia kulia polepole na hakuna aliyekuwa akifuatilia vipimo. Uchunguzi ulitaja marubani kupoteza mwelekeo gizani, na pia uratibu mbovu kati yao.

Mafunzo ya ushirikiano wa marubani yalianza kupewa uzito baada ya DC-8 ya United kuishiwa mafuta Portland mwaka 1978, kapteni akiwa amezama kwenye tatizo la magurudumu. Njia moja inayofundishwa humo ina ngazi nne: uliza, onya, pinga, chukua hatua.

Chukua mfano wa kutua. Kwa mashirika mengi, ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja ndani ya mawingu, lazima iwe imetulia: magurudumu chini, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) mahali pake, kasi isizidi lengo kwa zaidi ya noti 20 (noti ni kizio cha kasi ya ndege), kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika. Kasi ikiwa juu mno, msaidizi anauliza: "Kapteni, kasi lengwa ni ngapi?" Asipobadilika: "Kapteni, tumezidi lengo kwa noti 30." Kisha: "Hatujatulia, tupae tena." Asipojibu miito miwili, achukuliwe kama mgonjwa aliyeishiwa uwezo. Msaidizi anatangaza kwamba ameshika usukani, anaongeza nguvu na kupaa. Kwa mwendo wa futi 1,000 kwa dakika, kutoka futi 500 hadi chini ni nusu dakika, kwa hiyo ngazi hizi hupandwa upesi, na hali ikiwa mbaya unaanzia ya juu.

Kwetu sisi ugumu uko kwenye ulimi. Tumelelewa kumwambia mkubwa "samahani mzee, sijui kama umeona...", na sentensi ikifika mwisho kosa limeshapotea ndani yake. Cheo kitajwe, ndiyo, kwa kuwa kinamwamsha mhusika. Kinachofuata kiwe namba, kisha kitendo. Heshima inabaki kwenye sauti.

Mkishazima injini na kumaliza orodha ya mwisho, zungumzeni faraghani, kwa kuanza na kilichotokea kabla ya tabia. Kama anakataa au amerudia, andika ripoti ya usalama siku hiyohiyo: tarehe, namba ya safari, mwinuko, kasi, ulichosema na alichojibu. Neno "mzembe" halina kazi humo. "Futi 800, noti 28 juu ya lengo, miito miwili bila jibu" linafanyiwa kazi, kwa sababu linaweza kulinganishwa na data iliyorekodiwa na ndege yenyewe.