Pini thelathini

Watu wakisikia mimi ni stailisti, yaani kazi yangu ni kuwavalisha wengine kwa ajili ya picha na kamera, hunikagua kwanza kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu naona uso unabadilika. Suruali nyeusi, shati pana la kiume la mtumba, raba. "Dada, na wewe mwenyewe?" Ndiyo, na mimi mwenyewe. Siku ya kazi napiga magoti nikikunja pindo la suruali, najibanza nyuma ya kochi nishikilie gauni lisining'inie. Visigino virefu nitavivaa saa ngapi?

Kazi hii niliianzia kwenye cherehani, kwa fundi mmoja wa Ilala, nikimpigia pasi na kukata nyuzi. Yeye ndiye aliyenizoesha kutazama bega kabla ya kitu kingine chochote. Kiuno kinapunguzwa, urefu unapunguzwa, lakini mshono wa bega ukishateremkia mkononi, kurekebisha koti ni kulifumua karibu lote. Ndiyo maana nikiwa soko la mitumba la Karume asubuhi, belo likifunguliwa, sigombanii lebo. Nashika bega.

Sasa kamera, hiyo ina mambo yake. Mara ya kwanza kumvalisha mtangazaji wa televisheni nilimpa shati la mistari myembamba, likamkaa sawasawa. Kwenye skrini likaanza kucheza! Mawimbi ya rangi yakapanda na kushuka kifuani kila akijigeuza. Kamera inaona kwa vinukta vilivyopangwa safu safu. Mistari ya nguo ikikaribiana na upana wa safu hizo, inazaliwa michirizi ya tatu ambayo kwenye shati haipo. Tukamwazima koti la mpiga picha, lilikuwa linamfika kwenye vidole. Siku hizi nguo ya mistari au drafti ndogo naitazama kwanza kwenye kamera yenyewe, si kwenye kioo. Nyeupe pee nayo naikwepa, kwa sababu kamera ikijirekebisha kupunguza mng'ao wa shati, uso wa mtu mweusi unazama gizani. Nachukua rangi ya maziwa.

Kitenge cha maua makubwa sikiachi kwa fundi nikaondoka. Nasimama pale pale mkasi unapoingia, maana ua likiangukia vibaya kifuani hakuna mkufu wa kuliokoa. Na kusema kweli, kitenge juu mpaka chini, kilemba cha kitenge, hereni za kitenge, mkoba wa kitenge, mimi kinanishinda. Wateja wanakipenda. Nawavalisha.

Kanga ni habari nyingine, kwa sababu ina pindo, ina mji, na ina jina. Niliwahi kuwafunga bibi harusi mtarajiwa na mama mkwe wake doti moja kwa ajili ya picha, kila mmoja kipande chake. Rangi niliichagua kwa makini sana. Mama akainama, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Akamtazama mkwewe. Akanitazama mimi. Picha zile walipiga na vitenge.

Ukiona picha gauni limemshika mtu kiunoni vizuri, mara nyingi mgongoni ni pini tupu na vibanio vya nguo. Ndiyo sababu hajageuka. Mimi natoka nyumbani na pini thelathini kwenye kimto cha mkononi, na jioni nazihesabu. Juzi zilirudi ishirini na tisa. Ya thelathini mteja aliipata mwenyewe, kwenye teksi, alipoegemea kiti.