Kibao kikikwama masika: yasemwayo kuhusu piano na yalivyo

"Kibao kimekwama, tia mafuta." Hakuna ushauri mbaya kuliko huu. Kibao cha piano, kile kibonyezwacho kwa kidole, ni kipande kirefu cha mti kilichopitishwa pini mbili za chuma, moja katikati na moja mbele, na matundu yake yametandikwa kitambaa cha sufu. Masika ikishika, sufu hunywa unyevu, ikafura na kuibana pini. Mafuta nayo huyanyonya, ikazidi kufura, kisha ikakamata vumbi. Kamata ncha ya kibao ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza kidogo, hapo hapana tatizo. Kisipocheza kabisa, ni sufu. Fundi huiminya kwa koleo la midomo bapa, basi. Kikicheza na bado hakirudi, tazama ndani kwenye vipini, yaani pini ndogo, vya nyundo zipigazo nyuzi, vyenye unene wa milimita 1.3 hivi. Navyo vimezungushiwa sufu. (Au kuna penseli imetumbukia, hutokea.)

"Kiyoyozi kinatosha." Kingetosha kama hakizimwi. Unyevu ukipanda, ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, huvimba na kuzisukuma nyuzi, na sauti za katikati hupanda, ukikauka, zinashuka. Afadhali fimbo ya joto dogo chini ya piano, yenye kidhibiti unyevu, mbali na dirisha la upepo wa bahari.

"Mti mzito ndio wenye sauti." Seremala wa milango ya mvule na msaji atadhani hivyo. Ubao wa sauti hutakiwa mwepesi na mkakamavu, ndiyo maana hutumika sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, unene wa milimita 9 hivi. Uzito uko kwengine: fremu ya chuma cha kusubu, inayohimili mvuto wa tani 18 hadi 20 wa nyuzi zipatazo 230.

"Vibao vyeupe vya kale ni pembe tupu za ndovu, vyeusi mpingo." Pembe zilizotoka bandari ya Unguja kwenda Deep River na Ivoryton, miji ya viwanda vya vibao huko Connecticut, Marekani, zilichanwa vipande vyembamba vikagandishwa juu ya mti. Mpingo sifa yake ni klarineti na obo, vyombo vya kupuliza.

"Upana wa vibao haubadiliki." Vibao saba vyeupe leo ni milimita 165, vya piano za Vienna karne ya 18 vilikuwa vyembamba zaidi. Sasa hutengenezwa pia vya milimita 140 hivi kwa wenye viganja vifupi: mbele vimebanana, nyuma vinatawanyika kuzifikia nyundo zilezile. Vyote 88 huchongwa kwa kipimo cha piano moja. Seti ya piano nyingine haiingii.