Kabla ya kununua mtambo wa upepo, pima kiwanja chako

Upepo wa kusi ukishika, simu yangu hujaa maswali ya mitambo midogo ya upepo. Mtu anauliza wati ngapi, betri ngapi, itavuta friji au haivuti. Mimi huanza na swali jengine: huo mlingoti ukianguka, utaangukia kwa nani?

Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua na wa upepo majumbani, zaidi mashamba na mwambao wa mashariki wa Unguja, na Pemba nikiitwa. Naelewa kwa nini watu wanautaka upepo. Aliyekuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika na kisiwa kikakaa gizani kama miezi mitatu, hahitaji kushawishiwa awe na chanzo chake nyumbani. Waya mpya wa baharini wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikuja 2013, lakini hofu ile haijawatoka watu. Na upepo tunao. Paje na Jambiani wana bahati ambayo mjini hawanayo: kaskazi inawajia kutoka baharini, kusi nayo inawajia kutoka baharini. Mjini kuko upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo kusi hufika huko imeshapita juu ya miti na mapaa ya watu, imechoka.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Kipimo ninachokifuata ni hiki: chukua urefu wote, yaani mlingoti pamoja na panga likiwa limesimama wima, uongeze sehemu yake ya kumi. Huo ndio umbali mdogo kabisa kutoka kitako cha mlingoti hadi mpaka wa jirani. Mimi huutumia pia kwa njia ya watu na kwa waya za ZECO, shirika letu la umeme. Si kipimo changu peke yangu. England wamekiandika kwenye kanuni zao za mipango, na sehemu nyingi za Marekani wanatumia kilekile au kinachokaribiana nacho.

Tufanye hesabu. Una kiwanja cha mita 20 kwa 20, na tuseme kipo kitupu, hakina hata nyumba. Ukisimamisha mlingoti katikati kabisa, una mita 10 kila upande. Urefu wako wote hauwezi kuzidi mita 9. Ukitoa panga la mita moja na nusu, mlingoti unabaki mita saba na nusu, ambao ni urefu wa paa la ghorofa moja. Weka nyumba humo ndani, na hata hizo hazipo tena. Ndiyo maana mtu wa mitaa ya mjini kama Mwanakwerekwe au Magomeni akinipigia namwambia wazi, nunua sola.

Mwenye eka tatu hali yake ni nyengine. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,100. Zikiwa na umbo la mraba, kila upande ni mita 110. Mlingoti wa mita 18 wenye panga la mita moja na nusu unahitaji kukaa mita 21 na nusu kutoka kila mpaka, na bado unabakiwa na uwanja wa mita 67 kwa 67 wa kuchagulia pahala. Hapo tunaweza kuzungumza. Lakini eka tatu zilitolewa na Serikali ya Mapinduzi kwa ajili ya kilimo, na kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia. Mlingoti wa kuendeshea pampu ya maji ya bustani yako ni jambo la kawaida la shamba. Mitambo mitano ya kuwasha hoteli ni matumizi mengine, na hayo yanaanzia Kamisheni ya Ardhi.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya nje havikutayarishi nalo. Mzee mmoja wa Makunduchi alinitembeza shambani kwake, tukakubaliana pahala pazuri, nikachomeka vigingi. Nikamuuliza kuhusu minazi minne iliyokuwa upande wa kusi. Akaniambia, "Mwanangu, ardhi ndiyo yangu. Minazi ile ni ya marehemu shangazi, sasa ni ya watoto wake." Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwengine, kila mtu analijua hilo. Kwa mtambo wa upepo ina maana kwamba kinachoziba upepo wako huna ruhusa ya kukikata, na mlingoti wako ukiiangukia minazi ya watu utalipa. Tukavuta utepe tena. Pahala pa pili upepo ulikuwa safi, lakini waya mmoja kati ya minne inayoshikilia mlingoti ungefungwa ukingoni mwa kijia ambacho wanawake hupita alfajiri kwenda kisimani. Waya mwembamba, gizani, usawa wa shingo. Tulihama tena. Nanga za waya hukaa mbali na kitako kwa nusu ya urefu wa mlingoti au zaidi, na watu husahau kuzihesabu kuwa ni sehemu ya mtambo. Nanga zote ziwe ndani ya mpaka wako, na kila waya uvishwe bomba jeupe la plastiki mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu.

Nina wasiwasi mmoja mkubwa kuhusu mabaraza yetu ya miji na wilaya, nao ni kuiga ukomo wa urefu wa wenzetu. England inaruhusu mtambo wa kusimama peke yake bila ya maombi kamili ya kibali, ila usizidi mita 11.1 hadi ncha ya panga, panga lisishuke chini ya mita 5 kutoka ardhini, na duara la mapanga lisizidi mita za mraba 3.8. Masharti hayo yana sababu zake kwao. Kwetu mnazi uliokomaa unafika mita 20 na kupita. Mtambo wa mita 11 katikati ya minazi ni kitu cha kupambia shamba.

Sababu iko kwenye upepo wenyewe. Nguvu yake hukua kwa mchemraba wa kasi: kasi ikipanda kutoka mita 5 kwa sekunde hadi 6, nguvu inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Chukua lile duara la mita za mraba 3.8 kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde. Mtambo mdogo wa kawaida utakupa kama wati 70, yaani pangaboi moja. Kwenye shamba lenye miti ya kutawanyika, ukinyanyua mlingoti kutoka mita 9 hadi 18, kasi inaweza kupanda kama asilimia 15, na umeme ukaongezeka kwa nusu. Kanuni ya mafundi inataka mapanga yawe juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Chini ya hapo upepo unavurugika, mtambo unageukageuka kutwa, beringi zinakwisha na jirani hasikii ila kelele.

Kwa hiyo sharti lililo sawa kwa visiwa vyetu liufungamanishe urefu na umbali wa kutoka mpakani. Anayetaka kwenda juu aende, alimradi ana ardhi ya kuangukia. Hilo linamlinda jirani, na halimlazimishi mwenye shamba kusimamisha kitu kifupi kisicho na faida.

Yapo maeneo ambayo jibu langu ni hapana hata kiwanja kiwe kikubwa. La kwanza ni Mji Mkongwe. Uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi inaangalia mpaka mapaa. Hata kama isingekuwapo, nyumba za mawe na chokaa zenye boriti hazifai kufungiwa kitu kinachotikisika usiku kucha. Mtetemo ule unashuka ukutani, na mwenye kulala chumba cha chini ndiye anayeusikia.

La pili ni njia ya ndege. Wakaazi wa Kisauni na Kiembe Samaki wanajua ndege zinavyopita juu yao. Katika viwanja vikubwa vya ndege, viwango vya kimataifa vinachora mteremko wa kushukia ndege ambao usitobolewe na kitu chochote. Mteremko huo hupanda mita 2 kwa kila mita 100, kuanzia mita 60 nje ya njia ya kurukia. Umbali wa kilomita moja kutoka hapo njia inapoanzia, ukomo ni kama mita 19 tu juu ya usawa wa mwanzo wa njia ile. Mlingoti wetu wa mita 18 na panga lake umeshapita. Hapo Mamlaka ya Usafiri wa Anga lazima iulizwe kabla ya kuchimba shimo, na Chake Chake nako uwanja upo.

Pemba inaongeza jambo lake. Popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapo pengine popote duniani, hutoka wakati wa magharibi kwenda kula, na mbawa zao zikikunjuliwa zinafika mita moja na nusu na ushei. Karibu na Kidike au pahala pengine wanapolala, sitafunga mtambo, hata mwenye shamba aniombe vipi.

Kuhusu karatasi, anza kwa sheha, na uende na majirani mliopakana nao, si peke yako. Kisha uliza baraza au halmashauri yako kuhusu kibali cha ujenzi, kwa sababu mlingoti wenye msingi wa zege mimi nauhesabu ni jengo. Ukitaka kuuza umeme umeingia kwenye mambo ya ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma kama umeme Zanzibar. Ukitaka kuunganisha na waya za ZECO, usijaribu bila ya wao kujua: mtambo usio na kifaa cha kujizima gridi inapozimika unaweza kupeleka umeme kwenye waya ambao fundi wao ameushika akijua umekufa.

Watu huniambia kwetu hakuna dhoruba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi sehemu kubwa ya kisiwa. Mei 2024 Hidaya ilitukaribia tena, ikapita kusini yetu kuelekea Mafia. Ndiyo maana sifungi mlingoti usiolazika. Uwe na bawaba kitakoni na winchi, ili Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo watu wawili waushushe mchana. Na hapo kiwanja kinadai tena: mlingoti wa mita 18 unahitaji ukanda mtupu wa mita 18 na zaidi wa kulalia, usiopandwa muhogo wala kujengwa banda la mbuzi. Uchore ukanda huo kwenye ramani unayompelekea sheha, pamoja na nanga zote nne na miti ya watu.

Sharti la mwisho ningependa kuliona kwenye kila kibali: mtambo ukikaa mwaka mzima hauzunguki, mwenyewe aushushe. Chumvi ya bahari inakula chuma kuanzia kwenye nati za nanga, chini kabisa kwenye majani, pahala ambapo hakuna anayetazama.